Siku Mheshimiwa Alipokunywa Maziwa Kwetu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Viatu vyangu vya kutokea vimezeeka bila kuchakaa. Kutoka kitandani hadi barazani, ambako nina meza ya kutengenezea simu na redio za watu, ni safari inayonitosha, na nikirudi ndani kula najihesabu kuwa msafiri. Shangazi, aliyenilea tangu tukiwa Tanzania na ambaye bado ninaishi naye hapa Rebero tangu turudi nchini kwetu, huwaambia wageni: "Huyu si mvivu. Amepandwa tu."

Kwa hiyo usishangae sana nikikwambia kwamba mimi ni kiongozi. Ni uongozi mdogo kuliko wote uliopo nchini: mutwarasibo, mtu anayesimamia isibo, zile nyumba chache zinazotazamana na kuazimana chumvi. Kazi yake ni kujua nani amehamia, nani amefiwa, nani hakuonekana kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kuwaita watu mkutanoni. Kura za ngazi hiyo hazifichwi. Wanaotakiwa husimama mbele, nanyi mnajipanga mstari nyuma ya mnayemtaka, kila mtu akimwona mwenzake. Siku ya uchaguzi mimi nilikuwa nimempelekea shangazi kiti. Niliposimama pembeni nikingoja akae vizuri, mama mmoja jirani alikuja akasimama nyuma yangu huku akicheka.

"Huyu hapa! Huyu ukimtafuta saa yoyote unamkuta."

Wengine wakaona ni kweli. Mstari ukarefuka. Kiongozi wa mudugudu, ambaye ndiye mkubwa wa mtaa wetu, akaniuliza kama nina pingamizi, na wakati natafuta maneno ya kukataa kwa heshima, watu walikuwa wameshapiga makofi. Wapo wanaochaguliwa kwa sera. Mimi nilichaguliwa kwa sababu siendi popote.

Mwanasiasa wa kweli nyumbani kwetu ni shangazi. Yeye yumo kwenye kamati ya wanawake ya seli, ngazi iliyo juu ya mudugudu, na ulipofika wakati wa kuchagua wabunge wa viti vya wanawake, alikuwa miongoni mwa wapiga kura. Alimpigia kura mama mmoja, mwalimu wa zamani, mdogo kwake kwa umri, ambaye alikuja kuomba kura akakaa kwenye kochi letu, akala isombe, kisamvu cha kwetu, na kuuliza mpishi ni nani. Tangu siku hiyo akawa "mheshimiwa wangu," kama vile mtu anavyosema daktari wangu. Bunge likitangazwa redioni, hakuna kukaanga kitu. Mafuta yanapiga kelele. Na kweli mheshimiwa hakumsahau. Kila alipokuja kuonana na wananchi, hata watu wawe wengi namna gani, alimsogelea shangazi na kumuuliza goti linaendeleaje.

"Goti langu linajulikana Bungeni," shangazi alitamba. "Lako wewe linajulikana wapi?"

Nina dada ambaye hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake alikuwa jirani yetu. Alipofariki hakutokea ndugu wa kumchukua mtoto, basi shangazi akamleta kwetu akiwa bado anabebwa mgongoni. Leo anashona nguo katika kiwanda kimoja Masoro. Hutoka nyumbani mapema, hurudi amechoka, na Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda na shangazi kulima shamba letu la Gahanga, huku mimi nikibaki kulinda nyumba dhidi ya wezi ambao hawajawahi kuja.

Alipopata mchumba, shangazi alifurahi kisha akaanza kukosa usingizi. Upande wa bwana harusi ni watu wengi, wenye ami na mashangazi na magari. Upande wetu ni shangazi mwenye goti, na mimi.

"Watauliza: huyu mtoto ni wa nani?" aliniambia. "Tutajibu nini? Wa jirani?"

Hapo ndipo akaanza kumpigia simu mheshimiwa. Hakutaka msaada mwingine wowote, aje tu. Ndoa ya serikali ilikuwa Alhamisi kwenye ofisi ya sekta, kama kawaida, na baadaye watu wangekuja nyumbani kunywa kitu. Mheshimiwa alisema Alhamisi ana kazi. Shangazi akapiga tena. Akapiga na mara nyingine, nami nikiwa barazani nilisikia sauti yake ikipungua hadi ikawa ya mtu anayelia. "Mwanangu, ukikaa tu pale mbele, watajua mtoto ana kwao." Upande wa pili ukasema utaangalia.

Akaja. Namkumbuka akiingia ukumbini, vazi la mushanana la rangi ya kahawia begani, watu wa bwana harusi wakijisogeza kumpisha. Dada yangu alishika bendera ya taifa kwa mkono mmoja, mwingine akauinua juu, akala kiapo kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Mheshimiwa alikaa karibu na shangazi, mahali pa mzazi mwenza. Nyumbani alikunywa maziwa, akasimama akasema maneno machache: kwamba binti huyu ametoka katika nyumba anayoifahamu. Basi. Mama mkwe akaanza kumwita shangazi "mubyeyi," mzazi mwenzangu. Shangazi aliangaza kama sufuria mpya. Mheshimiwa alikaa hadi jioni, simu yake ikitetemeka mezani, naye akiigeuza uso chini.

Lile shamba la Gahanga shangazi alilinunua tuliporudi nchini, wakati kule bado ni mihogo na upepo. Sasa mabati mapya yamelizunguka. Si kubwa. Miaka yote alituambia mpango wake: juu penye parachichi ni pangu, chini panapoelekea bondeni ni pa dada. Kila mtu na hati yake, kila mtu na mpaka wake. Kwangu lilikuwa jambo la maneno tu. Kwa dada lilikuwa jambo la maisha, maana yeye hana damu ya kudai nayo. Hati yenye jina lake peke yake ndiyo ingekuwa ukoo wake.

Baada ya harusi shangazi akamwita mpima ardhi. Kijana wa watu alikuja na vyombo vyake, akatazama, akaenda ofisini kuuliza, kisha akaturudia akiwa mnyonge. Sheria imebadilika, alisema. Shamba la ukubwa huu halikatwi tena vipande. Linabaki na hati moja. Mnaweza kuandikwa wawili, kila mmoja nusu.

"Nusu ipi?" shangazi akauliza.

"Nusu tu, mama. Asilimia hamsini."

"Ya juu au ya chini?"

"Ya kote."

Shangazi alimtazama yule kijana kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Asilimia hiyo," akasema, "inalimwa na jembe gani?"

Dada alipopata habari alikuja Jumapili, akachemsha chai, akatueleza huku anacheka kwamba mama mkwe amebadilisha wimbo. Sasa anasema shamba la hati moja na mwanamume ni la mwanamume. "Anasema, 'Hilo ni la kaka yako. Na kaka mwenyewe si kaka.'" Akacheka tena, akakoroga chai ambayo ilikuwa haina sukari ya kukorogwa. Mimi nikafanya mzaha kwamba hata mimi huwa sina hakika kama ni mtu, sembuse kaka. Hakuna aliyecheka.

Basi tukapata taarifa kwamba mheshimiwa atakuja kwetu kwenye umuganda, na baada ya kazi atazungumza na wananchi. Kiongozi wa mudugudu akatuomba sisi viongozi wa isibo tukusanye maswali mapema, ili yapangike na yasirudiwe. Lilikuwa jambo la busara. Nikaandika: taa za barabarani. Maji. Mtaro wa nyuma ya shule. Shangazi akasimama nyuma yangu akitafuna karanga.

"Andika na langu. Ulipiga kura gani kwenye sheria ya ardhi?"

"Shangazi, si hivyo. Tuseme, Bunge lina msimamo gani kuhusu ugawaji wa mashamba madogo."

"Mimi simuulizi Bunge. Bunge halikuja kula isombe hapa."

"Itaonekana kama unamshtaki."

"Namshtaki kwa kosa gani? Nilimpigia kura, nataka kujua na yeye alipiga ipi. Wewe ukitengeneza redio ya mtu, hataki kusikia inasema nini?"

Sikuliandika. Nilijua angeliuliza tu, na niliona afadhali lisiwe na mwandiko wangu.

Siku yenyewe tulizibua mtaro. Sitaki kumsingizia mheshimiwa: alikuja na buti za mvua, akashika koleo na kulitumia kuliko mimi, ambaye kwa kawaida huchagua kazi ya kuonyesha wengine pa kuchimba. Kisha tukakaa kwenye uwanja wa shule. Alisimama mbele bila karatasi, akaeleza sheria zilizopita, barabara inayokuja, bima, watoto wanaoacha shule. Alieleza vizuri, kwa mifano, kama mwalimu anayejua ni nani nyuma ya darasa anasinzia. Mimi nilishika kipaza sauti cha wauliza maswali. Taa zikajibiwa. Maji yakajibiwa. Kabla sijamfikia anayefuata, shangazi alikuwa ameshakichukua mkononi mwangu.

"Mheshimiwa, sisi hapa tukichagua tunasimama mstari, kila mtu anaona. Nyinyi huko hatuwaoni. Ile sheria ya kutokata mashamba, wewe ulisema ndiyo au hapana?"

Kiongozi wa mudugudu akanitazama kama vile shangazi ni redio niliyoshindwa kuizima.

"Swali zuri, Mama," mheshimiwa akasema. "Nitakuwa mkweli. Siku ya kura ile sikuwepo ukumbini."

Watu wakaguna. Wengi wetu tuna kashamba huko Gahanga au mbele zaidi, upande wa Bugesera.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" shangazi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama unavyomuuliza mtoto aliyechelewa kula.

Mheshimiwa akatabasamu polepole. "Niseme?"

"Sema."

"Nilikuwa kwako, Mama. Ilikuwa Alhamisi ile. Nilikuwa nakunywa maziwa ya harusi ya binti yako."

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka hadi kupigana mabegani, mmoja akapiga mluzi. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, na kwa kuwa shangazi alikuwa amenirudishia kipaza sauti, kicheko changu kilikwenda hadi ng'ambo ya kilima. Shangazi alikuwa wa mwisho kucheka. Alicheka kidogo, akajipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, akaketi. Mheshimiwa alipomaliza alikuja kumkumbatia na kumuuliza goti.

Ningetaka kusema mambo yaliishia hapo, kwenye mzaha. Lakini mzaha mtaani kwetu haukai mahali ulipowekwa. Kesho yake muuza mkaa alimpigia kelele toka barabarani: "Mama! Ile harusi yako iko imetuzuia kukata shamba!" Kwenye kikundi cha wanawake mmoja alisema kwamba siku nyingine wakitaka sheria ipite, watafute mtu wa kuoa. Walisema kwa mapenzi. Ila wapo waliokuwa na watoto wanaosubiri vipande vyao kama dada yangu, na hao hawakuwa wakicheka sana waliposema.

Shangazi akaacha kwenda kwenye kikundi; alidai ni goti. Kisha akaacha redio. Hapo ndipo niliogopa. Nyumba yetu bila kelele za Bunge ilikuwa kama nyumba yenye msiba.

"Nililia kwenye simu," aliniambia asubuhi moja tukichambua maharage. "Alisema ana kazi, nikamlilia. Ningemwacha angekuwa Bungeni, angesema hapana."

"Shangazi, mle ndani wamejaa. Kura yake moja isingebadili kitu."

"Hata mimi nilipompigia kura, yangu ilikuwa moja. Mbona hukuniambia nisiende?"

Nina cheti cha kidato cha nne, na hakuna somo lililonifundisha kubishana na shangazi.

"Mtoto nilimtafutia heshima," akaendelea, "kumbe kwa mkono huo huo namnyang'anya ardhi." Akatupa harage zuri kabisa kwenye mabovu.

Nikaona nifanye jambo. Nilitaka nimtafutie ushahidi kwamba sheria ile ilipita kwa kura nyingi, ili aache kujitesa. Vikao vingine hurekodiwa na kuwekwa kwenye mtandao, na mimi nina meza iliyojaa simu za watu na siku nzima mbele yangu. Nikawa nasikiliza huku nachomelea waya. Ni vikao virefu. Niliunguza vidole zaidi ya mara moja kwa usingizi.

Sikuipata siku ya kura. Nilichokipata ni kikao cha kamati, cha nyuma zaidi, kabla hata harusi haijapangwa. Sauti niliitambua kabla sijatazama picha. Mheshimiwa alikuwa anachangia, kwa utulivu wake ule wa darasani. Alisema mashamba yanakatwa hadi mtu akilala miguu inatoka kwa jirani. Alisema kila kizazi kikikata tena, wajukuu watarithi upana wa mkeka na hati ya kutandika juu yake. Alisema anajua jambo hili litawaumiza wazazi wengi, wengine anawafahamu kwa majina, na hata hivyo yeye anakiunga mkono kipengele hiki.

Nilizima. Nikaweka chuma cha kuchomelea chini. Nikasikiliza tena.

Kwa hiyo angekuwepo Alhamisi ile angesema ndiyo. Shangazi hakumnyima mtu kura yoyote. Alichokifanya, bila kujua, ni kumpa mheshimiwa mahali pa kuwa siku hiyo. Na pale uwanjani, mheshimiwa hakusema uongo hata neno moja. Alichagua tu ni ukweli upi wa kuutoa, akamwachia mwanamke mtu mzima abebe lawama.

Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa nisijue nilishike wapi. Nikimwambia, namtua mzigo wa harusi, lakini namchukulia mheshimiwa wake. Nisipomwambia, anabaki na mheshimiwa na anaendelea kuchambua maharage vile. Mtu mwenye akili angejua la kufanya. Mimi nilijitolea kwenda sokoni.

Shangazi akaacha alichokuwa anafanya. "Kwenda wapi?"

"Sokoni. Nyanya zimeisha."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Umefukuzwa uongozi?"

"Shangazi, nataka tu kununua nyanya."

"Kaa chini," akasema. "Kaa useme nani amekufa."

Basi nikamwekea ile rekodi. Aliishika simu kwa mikono miwili, karibu na sikio, ingawa sauti ilikuwa juu. Ilipoisha akaniambia nirudie. Niliirudia, nikitazama dirishani, mwoga wa kumwona usoni.

"Anaongea vizuri," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na hasemi uongo. Yule mzee anayepakana nasi kule, shamba lake limekatwa mpaka mbuzi akigeuka anakula kwa mtu mwingine." Akaiweka simu pajani. "Lakini nilimuuliza. Mbele ya watu nilimuuliza kwa adabu, naye akaniachia watu wanicheke. Mpigie."

"Shangazi, tusubiri kwanza—"

"Kama unaogopa, nenda kanunue nyanya."

Nikampigia, nikaweka sauti ya nje. Mheshimiwa alipokea haraka, kwa furaha. Akauliza goti.

"Goti lipo," shangazi akasema. "Mwanangu, nimekusikia kwenye simu ya huyu mtoto ukiongea kwenye kamati."

Niliangalia kama simu imekatika.

"Mama," mheshimiwa akasema, sauti imeshuka, "ni kweli. Hata kama ningekuwepo, ningeunga mkono."

"Mbona hukusema pale?"

"Pale watu walikuwa wengi, na wamekasirika. Na kweli nilikuwa kwako, Mama. Sikuja kwa kukimbia kura. Nilikuja kwa sababu uliniomba ukilia. Halafu nilipokutazama uwanjani nikaona unacheka, nikadhani tumeelewana."

"Nilicheka kwa sababu wewe ulitaka nicheke."

Mheshimiwa alivuta pumzi, tukaisikia. "Nije Jumamosi nikueleze? Nikae nawe tu, tuongee."

"Usije kwangu," shangazi akasema. "Mimi umeshanieleza, na nimekuelewa kuliko siku zote. Njoo uwanjani uwaeleze wale. Waambie ulivyoiambia kamati. Wakikuzomea, nitakuwepo, nitakuletea kiti."

"Sawa, Mama."

"Na harusi asante. Kwa hilo asante kweli." Kisha akanirudishia simu, kwa sababu hajui kuikata.

Mpaka ninapoandika haya hajaja uwanjani. Labda atakuja; ana wilaya nyingi na mialiko mingi, na simdai. Shangazi bado anasema "mheshimiwa," ila ile "wangu" imeanguka mahali fulani njiani. Redio aliifungua tena. Sasa anasikiliza akiwa amesimama, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe.

Ila jioni ile ya simu alikuwa bado hajamaliza. Alikaa barazani kwangu, jambo ambalo hafanyi, akasukuma bisibisi zangu pembeni apate pa kuweka mkono.

"Kama halikatwi, halikatwi," akasema. "Hati ya majina mawili sitaki. Mama mkwe atamla dada yako mzimamzima. Shamba litakuwa la dada yako. Lote."

Nilidhani nitacheka. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, haukutoka. Ajabu ya mtu ambaye hajawahi kulima: niliyaona yale maparachichi. Nilikuwa nimeshajenga pale, kichwani mwangu, nyumba ndogo yenye baraza.

"Wewe una hii nyumba," akasema. "Na hata njia ya kwenda Gahanga huijui."

"Naijua. Ukishuka pale penye kiwanja cha miti unakata kushoto."

"Pale pameshajengwa ghorofa."

Nikachukua bisibisi moja, nikaipangusa.

"Sikulazimishi. Ni pako pia, nilikuahidi mwenyewe. Nataka kusikia: unakubali au unakataa?"

Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nilitamani kuwa mtu wa kutembea. Ningekuwa Kimironko, ningekuwa Musanze, ningekuwa kwenye harusi ya mtu yeyote. Lakini mimi nilikuwa nyumbani, mahali nilipo siku zote, na shangazi alikuwa mbele yangu akinisubiri.

"Nakubali," nikasema.

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Nikampigia dada. Alikuwa anatoka kazini, nilisikia pikipiki na watu wakiagana. Nikamweleza kwa kifupi: shamba lote ni lake, juu na chini, mimi sina neno.

"Kaka," akasema, "unasema kwa moyo, au shangazi amekusimamia hapo?"

Shangazi alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika meza kwa ajili ya goti, macho yamenikazia. Nikamwambia dada kwamba nasema kwa moyo. Yeye akaniuliza kama nimeshakula.